Profesa wa Mikia

Kabla sijaanza, tuelewane: nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya shule yetu, ile ambayo mchwa walianza kuila kutokea kaskazini, na sikuiona. Labda wameshaimaliza. Inaitwa Shwari. Watu wake wote wana furaha, na aliyebisha yuko masomoni. Kwa hiyo ukisoma ukahisi kama mahali hapa unapafahamu, jikune tu uendelee. Ni mbu.

Mimi ni Chande. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo marehemu mama aliyaficha chini ya godoro, lakini Mungu hakunyimi vyote, alinipa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyonipatia kazi katika Chuo Kikuu cha Tiba cha Taifa, hospitali kubwa kuliko zote Shwari. Nikawa Msomaji wa Wasifu.

Pengine kwenu kazi hii haipo, ngoja nieleze. Shwari daktari hamgusi mgonjwa mpaka mgonjwa asomewe daktari. Ni heshima ya elimu. Mgonjwa analala, daktari anasimama kifua mbele, mikono nyuma, na kila aliye karibu anasimama wima. Mimi nashika kipaza sauti nasoma: daktari alizaliwa wapi, alisoma wapi, nani alimfundisha, alivishwa nishani gani, na mwisho kabisa kile kinachoitwa Shauku ya Utafiti, yaani kiungo au ugonjwa ambao ameupa moyo wake. Kisha nasoma mgonjwa amekuja na nini. Nikimaliza, mgonjwa na jamaa zake wanajibu kwa pamoja, "Tumepokea elimu yako," wanapiga makofi, ndipo sindano inatoka kwenye kasha.

Wasifu wa profesa unaweza kuchukua muda wa kuivisha maharage. Ndiyo maana wenye pumu walikuwa wanaomba daktari asiyesoma sana. Mzee mmoja nilimsomea profesa wa mapafu. Nilipofika kwenye shahada ya tatu, mzee alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Utaratibu ni utaratibu. Nikamalizia, na wanawe wakapiga makofi huku wanalia.

Siku hizo nilikuwa nayasimulia haya kijiweni watu wanacheka mpaka wanashikana. Bado tulikuwa tunacheka, siku hizo.

*

Kilichotuponza ni ukuta.

Mkuu wa Chuo alipenda wageni waione akili yetu tangu mlangoni, kwa hiyo aliwachoresha madaktari wote kwenye ukuta wa mbele, sura zao kubwa kama milango, na chini ya kila sura wasifu. Ikatokea Mtukufu Mlezi, ambaye ndiye anayetulea sote tupende tusipende, akaja kufungua bomba la maji. Bomba lenyewe lilikuwa likitoa maji tangu mimi mtoto. Ilibidi lifungwe wiki nzima wagonjwa wakae na kiu, ili apate cha kufungua.

Alipomaliza kufungua akapita ukutani, anasoma polepole. Akasimama kwenye picha ya Profesa Ngwali, mzee mmoja mkimya aliyekuwa hatembei bila kikombe chake cha chai chenye mfuniko. Chini ya picha iliandikwa: "Shauku ya Utafiti: usahaulifu wa uzeeni."

Sasa, kufikia hapo Mtukufu alikuwa ameshampa Mkuu wa Chuo mkono mara tatu, kila mara kama mtu mpya. Akaitazama picha. Akasogea karibu. Akauliza kwa sauti ndogo, karibu ya huruma:

"Nani amemwambia?"

Swali kama lile halitafutiwi jibu, linatafutiwa mtu. Kesho yake asubuhi Profesa Ngwali akapata skolashipu.

Hapo pia nieleze. Shwari hakuna jela. Jela zilifutwa zamani, tukasifiwa na mataifa. Kuna Idara ya Ufadhili wa Masomo tu. Mtu akikosea anapewa nafasi ya kujiendeleza: linakuja gari jeupe, anapanda, anaenda kusoma. Wapi, hatujui. Nini, hatujui. Ninachojua ni kwamba sijaona aliyerudi na cheti. Ukisikia nyumba fulani wanawake wanaangua kilio mchana, ujue baba kafadhiliwa.

Kikombe cha Profesa Ngwali kilibaki kwenye dirisha la ukumbi, mfuniko juu. Hakuna aliyethubutu kukiosha. Tukipita tulikuwa tunakipisha.

*

Siku chache baadaye tukakusanywa ukumbini kumsikiliza Afisa Masomo, Bwana Kasiani. Watu waliosubiri jitu lenye sharubu waliona aibu. Alikuwa mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi vizuri, na mfukoni ana pipi za mnanaa anazomkaribisha kila mtu. Hakuna aliyewahi kukataa pipi ya Bwana Kasiani. Nimemwona profesa mwenye kisukari akila mbili.

Hotuba yake naikumbuka, maana baadaye nilipewa niisome hospitali nzima. Alisema: "Ndugu wanataaluma, mtu hana shauku na jambo asilolitamani. Daktari mwenye shauku na figo zilizooza, huyo anatamani figo zioze. Sasa tujiulize kwa upendo: figo za nani?"

Nikasikia bomba la Mtukufu likidondosha matone nje.

Kwa upendo uleule akatangaza amri mbili. Ya kwanza, ni marufuku kutafiti kiungo chochote ambacho Mtukufu Mlezi anacho. Ya pili, daktari hatagusa kiungo kisichokuwamo kwenye shauku yake. Daktari mmoja kijana, msomi kweli kweli, akanyoosha mkono akauliza ni viungo gani hasa Mtukufu anavyo, ili wasikosee. Yuko masomoni.

Basi ikawa mbio. Wote walikumbuka kwa pamoja kwamba Mtukufu ni mwanamume, hana mji wa mimba. Dakta Pandu, aliyekuwa akipasua mioyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akaja kwangu jasho linamtoka nimbadilishie wasifu. Ukasomeka hivi: "Alisomea moyo ng'ambo, akatubu, sasa ana shauku ya mji wa mimba." Akafuata wa macho, akatubu. Wa mifupa, akatubu. Wa meno naye akatubu, sijui mkono wake angeupitishia wapi.

Aliyekuwa na mji wa mimba siku zote ni mmoja tu, Profesa Hidaya Lukindo, mama mnene mwenye mikono midogo, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mji. Mimi mwenyewe alinitoa tumboni miguu mbele, na anapenda kunikumbusha mbele za watu. Siku hiyo alitoka chumba cha kuzalishia akakuta ofisi yake imejaa wanaume waliokuja na viti vyao. Akawauliza kama wote wana uchungu au ni wasindikizaji.

Walikaa humo hadi mtu mmoja alipokumbuka kwamba Mtukufu anaye mke. Mama wa Taifa. Na Mama wa Taifa ana...

Ofisi ilibaki tupu kama nyumba iliyosikika ina nyoka.

Ikabidi wakimbilie viungo ambavyo binadamu hana kabisa. Dakta Pandu akachukua mashavu ya samaki, yale ya kupumulia majini. Wa mifupa akapata nundu. Wa ngozi akapewa manyoya, wa meno akaomba pembe. Profesa Hidaya alichelewa kwa sababu alikuwa anamalizia kuzalisha mapacha. Alipofika akaambiwa kimebaki mkia.

"Haya, nipeni mkia," akasema, akaketi.

Nilimsomea wasifu wake mpya kwenye kipaza sauti mwenyewe akiwa amesimama mikono nyuma. Nilipofika kwenye "akatubu", nilimwona anaangalia mikono yake.

*

Msinionee huruma, tulizoea. Hivi ndivyo inavyotisha: unazoea. Mgonjwa wa moyo akija nilimsomea Profesa wa Mashavu ya Samaki, naye anamtazama, anaona ni mtu wala si samaki, anamrudisha nyumbani akaipende nchi yake.

Lakini watu ni wajanja. Kuna mama mmoja alikuja na jino bovu, shavu limevimba kama andazi. Daktari wa pembe akaniangalia, nikamwangalia. Nikasoma: "Mgonjwa amekuja na pembe changa iliyoota mdomoni kwa kupotea njia." Pembe ikang'olewa, mama akapona, akaniletea ndizi.

Jioni yake Bwana Kasiani akanipitia. Akanikaribisha pipi, akaniuliza habari za nyumbani, akamtaja dada yangu kwa jina. Kisha akasema, "Bwana Chande, nasikia kuna watu wanaota pembe." Nikasema huenda ni hali ya hewa. Akacheka sana. Akanishika bega. "Mimi nina shauku na sauti yako," akasema, "ingefaa sana masomoni."

Niliimung'unya pipi ile mpaka nyumbani na sikusikia ladha. Tangu siku hiyo alihamishia kiti chake kando ya kipaza sauti changu.

*

Nimemtaja dada yangu. Anaitwa Mwatumu. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, kwa cherehani ya kushona sare za shule, na kofi lake nalijua kwa uzito na kwa sauti. Ameolewa na Shemeji Kitwana, fundi baiskeli, mwanamume mwema ambaye akisikia harufu ya hospitali tu magoti yanaachana.

Asubuhi moja nikiwa kazini nikaona mkokoteni unaingia getini unasukumwa na Kitwana. Juu yake amelala Mwatumu, tumbo juu, ameuma kanga. Alikuwa na uchungu tangu jana. Mkunga wa mtaa alimpapasa akasema mtoto amelala kikingamo, hapa pana kupasuliwa, hapana ujanja mwingine.

Mkokoteni ukasimama mbele ya kipaza sauti. Mbele ya kiti cha Bwana Kasiani.

"Chande," dada akasema kati ya maumivu, "ukinisomea wasifu mrefu nikiamka nakuzaba kofi."

Nilicheka kwa sauti isiyo yangu. Miguu yangu ilikuwa imeshaondoka, imebaki suruali tu. Nilijua Shwari nzima hakukuwa na daktari mwenye ruhusa ya kugusa tumbo lile. Kulikuwa na wa nundu, wa manyoya, wa pembe.

Profesa Hidaya akaja. Hakumgusa. Alimtazama tu, mikono nyuma, lakini niliona vidole vyake vinacheza vyenyewe mgongoni. Akanisogelea kama mtu anayesahihisha wasifu wake, akanong'ona.

"Amekingama. Nikimtoa sasa, utakuwa na dada na mpwa. Mchana utachagua. Jioni hutachagua."

"Mama, nitasoma wasifu wako wa zamani."

"Soma huo, sote tukapande gari jeupe, na huyu fundi baiskeli akaning'inie nyuma." Akaniangalia machoni. "Soma ulioko ukutani, mwanangu. Halafu umsome mgonjwa amekuja na nini. Si una mdomo?"

Nikashika kipaza sauti. Kilikuwa kinaloa mkononi. Nikasoma wasifu wa Profesa Hidaya Lukindo, nikaruka shahada mbili, Mungu anisamehe, nikafika: "Shauku ya Utafiti: mkia." Bwana Kasiani alikuwa anatafuna polepole.

"Mgonjwa, Bi Mwatumu," nikasema, hospitali nzima inasikia, "amekuja na... mkia. Mkia wa ndani. Uliota kuelekea tumboni badala ya kutoka nje."

Kutafuna kukakoma.

"Mkia wa ndani," Bwana Kasiani akarudia.

"Ndiyo, Afisa."

"Na tumbo lote hili?"

"Umejikunja, Afisa. Ni mrefu."

Akainuka, akamwinamia dada yangu kwa adabu kama daktari, akamuuliza kama kweli ana mkia. Mwatumu alikuwa anapandwa na maumivu mengine. Akaachia kanga meno yakiwa yamekazana.

"Ninao, baba. Tangu msimu wa maembe. Na unapiga mateke."

"Ndio mkia wetu wa kwanza," akadakia Shemeji Kitwana, machozi yanamtiririka. Nilitamani nimmeze.

Bwana Kasiani alitutazama mmoja mmoja. Sijui alichokiona. Najua tu kwamba afisa wa Shwari ana hofu moja kubwa kuliko zote, nayo ni kufika ofisini bila mafanikio ya kuripoti. Akarudi kitini.

"Vizuri sana," akasema. "Taifa linahitaji mambo mapya. Autoe. Nitausubiri hapa niuone."

Tukajibu, "Tumepokea elimu yako," tukapiga makofi, na mikono midogo ya Profesa Hidaya ikatoka nyuma ya mgongo kwa mara ya kwanza tangu atubu.

*

Mlango ulifungwa. Tukakaa. Bwana Kasiani akanikaribisha pipi, nikaila na karatasi yake, nikagundua baadaye.

Kisha nyuma ya mlango mkia ukalia.

Ulilia kwa nguvu, wallahi, kama uliodhulumiwa kiwanja. Kitwana akafungua mdomo atoe kigelegele, nikamkanyaga. Bwana Kasiani aligeuza kichwa kidogo.

"Mikia mingine inalia, Afisa," nikasema. "Hasa ya ndani."

Alianza kuinuka. Mimi nilipoogopa kabisa, sauti ndiyo iliyonijia badala ya akili: nikarukia kipaza sauti nikaanza kusoma wasifu wa Dakta Pandu. Wasifu ukisomwa kila mtu husimama wima, hatikisiki, hata Afisa Masomo. Nikasoma alikozaliwa. Nikasoma shule ya msingi na jina la mwalimu wa michezo. Nikamaliza Pandu nikamwingia wa nundu, sikumeza mate kati yao. Hospitali nzima imesimama, wagonjwa wameshikilia dripu zao, Bwana Kasiani amekakamaa anakodoa macho mlangoni, na mimi napaza sauti kila mkia unapopaza yake.

Kwa pembe ya jicho nikaona muuguzi anamvuta Kitwana kwa mlango wa nyuma. Pale getini kuna Bi Tabu, muuza supu ya mkia wa ng'ombe. Muda wa kuivisha maharage, nilijiambia. Nisome muda wa kuivisha maharage tu. Nikaingia kwa daktari wa manyoya na nishani zake zote.

Sauti ilipoanza kupasuka mlango ukafunguka. Profesa Hidaya alikuwa ameshika chupa kubwa ya spiriti, na ndani unaelea mkia mzima, mnene, wenye shungi nyeusi mwishoni.

Bwana Kasiani akaizunguka chupa.

"Una manyoya."

"Mkia usio na manyoya ni kamba, Afisa," akasema Profesa.

Akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali. Akaibeba chupa yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, kama anabeba cheo. Nami nikakaa chini sakafuni kwa sababu miguu ilikuwa haijarudi.

*

Redio ilitangaza kwamba Shwari inaongoza dunia kwa mikia ya ndani. Dakta Pandu alilia kwa wivu, akasema angejua asingechagua samaki. Na asubuhi iliyofuata foleni ya kwa Profesa Hidaya ilitoka nje ya geti: wanawake wenye matumbo makubwa, wote wanalalamika mikia. Nilisoma mpaka nikapungua mwili. Mtaani mikia ikaanza kunyonya, kujamba na kung'ata. Waziri wa Takwimu, alipoona hospitali kuu haijazalisha mtoto hata mmoja mwezi mzima, akatangaza kwamba uzazi wa mpango umefanikiwa kupita mpango.

Mwatumu alimpa mtoto jina la Hidaya. Msichana, kichwa kikubwa, sauti ya mjomba wake.

Tukaanza hata kucheka tena kidogo. Hapo ndipo ilipokuja habari kwamba Mtukufu Mlezi anakuja kuuona mkia.

*

Chupa iliwekwa mezani ukumbini, juu ya kitambaa cheupe. Madaktari wote walipangwa, mikono nyuma. Kikombe cha Profesa Ngwali bado kilikuwa dirishani. Mimi na kipaza sauti. Bwana Kasiani na pipi zake, yuko karibu na mlango, na nje ya mlango gari jeupe, kwa bahati tu.

Nilimsoma Profesa Hidaya wote, sikuruka kitu. Mtukufu hakuwa anasikiliza. Aliinama akiutazama mkia. Mtu mfupi kuliko picha zake, shingo imenyauka ndani ya kola. Alitazama muda mrefu. Kisha nikaona mkono wake wa kulia, taratibu, kama haujatumwa na mwenyewe, unaenda nyuma, unaingia chini ya koti, unapapasa mwisho wa uti wa mgongo. Ukasimama pale. Umekuta kitu.

Alipoinua uso alikuwa amebadilika rangi.

"Nani amemwambia?"

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini ile haikuwa hofu ya kutetemeka. Ilikuwa hofu ya kutulia, kama panya akishaona kivuli. Nilimwona Bwana Kasiani anafunga pakiti ya pipi. Profesa Hidaya angeweza kunyamaza. Angeweza kutubu, tulikuwa na uzoefu. Badala yake aliitoa mikono yake nyuma akaiweka mbele, mmoja juu ya mwingine, kama anavyokaa pembeni ya kitanda anapomwambia mgonjwa ukweli.

"Hakuna aliyeniambia, Mtukufu. Usiogope. Hicho ni kifandugu, kimfupa cha mwisho cha mgongo. Kila mtu anacho. Ninacho mimi, anacho huyu Chande, anacho muuza supu pale getini. Nawe unacho, kama sisi."

Hilo "kama sisi" lilianguka sakafuni, tukalisikia linabingirika.

Halafu lilitokea jambo ambalo nikilikumbuka nywele zinasimama. Dakta Pandu, mwoga wa waoga, mkono wake ukaenda nyuma kupapasa. Wa nundu naye. Wa pembe. Mkuu wa Chuo. Mkono wangu pia, sikuutuma. Ukumbi mzima wa wasomi umesimama mbele ya Mtukufu Mlezi umejishika matako, na kila mmoja amekuta. Na pale mlangoni Bwana Kasiani, mkono wake chini ya shati lililopigwa pasi, uso wake umekuwa wa mtoto.

"Kama wao," Mtukufu alisema, si kwetu. Akatoka bila kufungua wala kuzindua kitu.

Gari jeupe halikungoja kesho. Profesa Hidaya aliomba achukue mkoba wake. Akipita karibu yangu alisimama.

"Mwambie dada yako aunyonyeshe mkia mpaka ushibe," akasema. "Na wewe usisahau ulivyokuja duniani. Miguu mbele, mkaidi." Watu waliokuwa karibu walitabasamu bila kupenda, naye akapanda gari mwenyewe.

*

Picha yake ukutani imepakwa chokaa, na juu ya chokaa imeandikwa: "Masomoni."

Kisha ikatoka amri kwamba mikia yote aliyoitoa ni mali ya Taifa, ikusanywe. Si ya chupa tu. Yote. Idara inapita nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, kwa upole.

Leo wamefika mtaa wetu. Nilisikia gari likizima, nikasikia hodi, na ni sauti ninayoijua. Kitwana alikaa chini akajifunika mikono kichwani. Mimi nilitaka kumpitisha mtoto dirishani, lakini dirisha letu lina nondo. Mwatumu alikuwa ananyonyesha. Akamtoa mtoto kwenye ziwa, mtoto akaanza kulia.

"Mzibe mdomo," nikanong'ona.

Aliniangalia kwa jicho la lile kofi. Akainuka, akafungua mlango yeye mwenyewe, mtoto begani.

Bwana Kasiani alikuwa peke yake kizingitini. Macho yake mekundu. Akasalimia, akauliza kama humu ndani kuna mkia.

"Hamna mkia humu, baba," dada akasema.

"Bwana Chande aliniambia ya ndani inalia."

Nilisikia jina langu likipita hewani kama jiwe. Mwatumu akamgeuza mtoto, akamwelekeza uso kwa Afisa, huyo hapo, kichwa kikubwa, mdomo wazi, kelele.

"Huyu ni mtu," akasema. "Anaitwa Hidaya."

Bwana Kasiani alisimama anamtazama. Kisha nikauona mkono wake unaenda nyuma, taratibu, kama siku ile ukumbini, ukabaki pale.

"Mimi nimetumwa mikia," akasema mwishowe. "Watu ni idara nyingine."

Akaingiza mkono wa pili mfukoni, akatoa pipi moja akaiweka kizingitini, akaenda kubisha nyumba ya pili. Hapo alipobisha nilisikia mama mwingine akisema, kwa sauti inayotetemeka lakini ya kusikika: hamna mkia humu, huyu ni mtu. Na ya tatu hivyohivyo.

Hiyo idara nyingine haijaja. Tumekaa tunaisubiri, mlango wazi, pipi bado ipo kizingitini wanaila sisimizi. Nchi yenyewe, nilishawaambia, haipo. Mtoto analia, na hakuna anayemnyamazisha.